Maharage ya mboga, maharage ya mbegu: kinga ya shambani nayo hurithiwa kwa wazazi

Singida. Novemba inapoelekea ukingoni na mawingu kuanza kukusanyika juu ya Ziwa Singidani, nyumba nyingi za mkoa huu huwa na ndoo moja yenye mfuniko kwenye kona ya stoo. Ndani yake kuna maharage. Nusu ni mboga, nusu ni mbegu, ila hakuna aliyechora mstari kati ya nusu hizo mbili.

Leo mama anachota kikombe kwa ajili ya chakula cha jioni. Keshokutwa wageni wanakuja, anachota viwili. Mtoto anarudi kutoka shule na njaa yake, kinachotwa kingine. Mvua ya kwanza ya kupandia ikinyesha, baba anafunua ndoo, anatazama kilichobaki, anasema: "Hii inatosha kwa kipande cha kule juu."

Mbegu ya mwaka huo, basi, ni ile iliyoponea sufuria.

Hakuna ubaya kupanda maharage yako mwenyewe, na kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo, itaelezwa mbele. Tatizo ni kwamba kila punje inayorudi ardhini inabeba urithi wa aina mbili. Wa kwanza ni jeni za wazazi wake, ambazo ndizo zinaamua kama mche utastahimili ugonjwa au utaangushwa nao. Wa pili ni ugonjwa wenyewe, uliojificha ndani ya punje bila kuonekana kwa macho. Familia nyingi huchanganya urithi huo, na mwisho wa msimu lawama zinakwenda kwa jua.

Majani yanapojikunja

Singida si Mbeya wala Kagera kwa maharage. Huku ni nchi ya alizeti, mtama, uwele na vitunguu. Mvua ni ya msimu mmoja, kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, na sehemu kavu za Manyoni na Ikungi kunde na choroko huvumilia kuliko maharage. Maharage hutafuta penye unyevu, kama nyanda za juu za Iramba. Lakini penye mlo, yapo kila mahali: shuleni, msibani, harusini, kwenye ugali wa usiku. Kwa mtoto ambaye nyama anaiona kwa nadra, hapo ndipo anapopata protini na sehemu kubwa ya madini ya chuma.

Kwa hiyo kipande kidogo cha maharage pembeni ya shamba la mahindi si jambo dogo. Kikitoa debe tatu, Februari na Machi hupita vizuri. Kikitoa nusu debe, pesa ya sare za shule inakwenda gengeni.

Ugonjwa unaovisumbua zaidi vipande vya namna hiyo huitwa batobato. Jani linakuwa na mabaka ya kijani kilichoiva na kijani kilichopauka, linajikunja kingo zake kuelekea chini, na mche unadumaa. Chanzo ni virusi. Wanaovisambaza ni vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaokaa chini ya majani kwa makundi, na wao hupenda vipindi vya ukavu katikati ya mvua, vipindi ambavyo Singida inavifahamu sana.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea dukani kwa pembejeo. Hakuna dawa inayotibu mche ulioingiwa na virusi. Hata dawa ya kuua vidukari husaidia kidogo sana kwa ugonjwa huu, kwa sababu kidukari huhitaji muda mfupi mno, sekunde hadi dakika, kuonja mche mgonjwa na kwenda kuambukiza mzima. Dawa inapomuua, kazi ameshaimaliza.

Mwaka 2018 watafiti wa Tanzania, wakiwamo wa Mikocheni na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), walichapisha matokeo ya kupita mashamba ya maharage katika kanda zinazolima zao hilo. Walivikuta virusi vya aina mbili zinazokaribiana: ile ya batobato ya kawaida, na nduguye mkali zaidi anayeweza kuua mche mzima. Vyote viwili vimeenea.

Kama hakuna dawa, iliyobaki ni kinga. Na kinga ya mmea haichomwi kwa sindano kama ya mtoto kliniki. Mmea huzaliwa nayo au huzaliwa bila nayo.

Kama selimundu nyumbani

Mzazi aliyewahi kukaa kliniki akaelezwa kuhusu selimundu ameshasoma nusu ya somo hili. Mtoto hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Akipokea jeni ya selimundu kutoka upande mmoja tu, haugui, ni mbebaji. Akiipokea kutoka pande zote mbili, anaugua. Ndiyo maana baba mzima na mama mzima wanaweza kumzaa mtoto mgonjwa wasielewe imetoka wapi, na kila mimba ya wazazi wawili wabebaji ina nafasi moja kati ya nne ya kutokea hivyo.

Maharage nayo yana wazazi wawili wa kila jeni. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, ule uzi unaobeba jeni. Haragwe lina jozi 11. Mpango ni uleule.

Sasa, dhidi ya batobato, wataalamu wa mbegu wanazijua jeni mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Ya kwanza wameipa herufi moja tu, I. Hii ni kama mbwa wa mlinzi. Nakala moja inatosha, iwe imetoka kwa baba au kwa mama. Virusi vikiingia, mmea unavitambua na kuua haraka chembe zake chache pale vilipoingilia, ili visipate pa kupita. Unajikata kidole kuokoa mkono. Kwa miaka mingi jeni hii ilikuwa tegemeo la wazalishaji wa mbegu sehemu nyingi duniani.

Ya pili inaitwa bc-3. Hii hufanya kazi kwa ukimya. Virusi havina mashine yao ya kuzaliana. Huazima za mmea, na kimojawapo cha vitu wanavyoazima ni protini ambayo mmea huitumia kusoma ujumbe wa jeni zake. Katika mmea wenye bc-3 protini hiyo ina umbo lililobadilika kidogo. Mmea unaendelea na maisha yake, lakini virusi havipati pa kushika.

Na hii lazima itoke kwa wazazi wote wawili. Sababu yake ni rahisi: mmea ukipata nakala moja iliyobadilika na nyingine ya kawaida, ile ya kawaida inatosha kuvihudumia virusi. Ni sawa na kufunga komeo mlango wa mbele ukaacha wa uani wazi. Mwizi hajali umefunga mingapi.

Mlinzi anapochoma nyumba

Kuna mahali ambapo jeni I inageuka hatari. Mkulima anaweza kununua mbegu iliyoelezwa kuwa kinzani kwa batobato, ikaota vizuri, ikapendeza, halafu wiki moja ikanyauka na kufa, wakati maharage ya jirani, yale dhaifu, yamedumaa lakini yapo hai na yanatoa chochote.

Jirani atasema mbegu za dukani ni za uongo. Si lazima iwe hivyo.

Jeni I ikikutana na yule ndugu mkali wa virusi vya batobato, haishindi wala haishindwi. Mlinzi anamwona mwizi, anaanza kumkimbiza, na kila chumba anachopita anakichoma moto. Mishipa ya majani ya juu inakuwa myeusi, weusi unashuka kwenye shina hadi mizizi, mche unakufa wote. Ukilipasua shina utaona mistari myeusi ndani. Kwa aina nyingine za virusi vya batobato ya kawaida, jambo hilo hutokea pale joto linapopita nyuzi 30, kiwango kisicho kigeni mchana wa Februari katika bonde la Wembere.

Ajabu yake ni kwamba kifo hicho kina faida kwa shamba kwa ujumla. Mche uliokufa mapema hauachi punje zenye ugonjwa. Mche dhaifu uliodumaa ndio unaoendelea kuwalisha vidukari, na baadhi ya punje zake hubeba virusi hadi mwaka unaofuata. Ila ni vigumu kumweleza hivyo mama ambaye kipande chake chote kimekauka.

Mwenye selimundu katika familia ataona kufanana kwingine hapa. Nakala moja ya jeni ya selimundu, ile inayobebwa bila kuugua, humpa mtoto nafuu dhidi ya malaria kali. Nakala mbili humletea ugonjwa. Jeni haina wema wala ubaya wa kudumu. Inategemea iko na nani, na inakutana na nini.

Dawa ya tatizo la jeni I ni kuiweka pamoja na bc-3. Zikikaa ndani ya mche mmoja, bc-3 ikiwa imetoka pande zote mbili, virusi vikali havipati pa kuanzia na mlinzi hafikii hatua ya kuwasha moto. Kuziunganisha ni kazi ya miaka, na sehemu ya kazi hiyo imefanyika Morogoro.

Kablanketi amtafutie mchumba

Mnunuzi yeyote wa maharage sokoni anaijua kablanketi: punje ya kijivu yenye zambarau na madoa, inaiva upesi, mchuzi wake mzito na mtamu. Mama anayehesabu mkaa haachi kablanketi kirahisi. Shambani, hata hivyo, ni mtoto wa kulelewa kwa uangalizi. Batobato inamwangusha, na madoa pembe, ule ugonjwa wa ukuvu unaotia jani madoa ya kahawia yenye kona kali, humpukutisha majani kabla maganda hayajajaa.

Watafiti wa SUA, chuo ambacho mwaka 1997 kilitoa aina ya maharage mekundu iitwayo Rojo, waliamua kumtafutia kablanketi wachumba. Kwa madoa pembe walitumia haragwe liitwalo Mexico 54, lenye jeni inayojulikana kwa kuzuia ugonjwa huo. Kwa batobato kali walitafuta bc-3. Kazi hiyo waliichapisha mwaka 2013.

Ugumu wake uko wapi? Ukimwoza kablanketi kwa Mexico 54, mtoto anapata jeni ya kinga, lakini pia anapata rangi ya ajabu, umbo lisilojulikana na muda mwingine wa kuiva. Sokoni hakuna atakayemtaka. Kwa hiyo mtoto anarudishwa kuolewa upande wa kablanketi, na mjukuu tena, na kitukuu tena, kila mara wakichaguliwa wale waliobaki na kinga. Baada ya vizazi kadhaa anapatikana mmea unaokaribia kuwa kablanketi mtupu, isipokuwa ile jeni moja ya ukoo wa mbali.

Kwa bc-3 kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mbebaji wa nakala moja haonyeshi dalili yoyote ya kinga. Ukimjaribu kwa virusi anaugua kama wengine, na unaweza kumtupa kumbe ndiye uliyekuwa unamtafuta. Zamani ilibidi kuotesha kizazi kingine ili kujua. Siku hizi hukatwa kipande cha jani changa, maabara inasoma alama iliyo karibu na jeni hiyo, na jibu linapatikana kabla mche haujatoa ua.

Wazazi wengine wakisikia maabara na jeni wanashtuka: je, si yale maharage ya GMO? Hapana. Hakuna jeni iliyochomekwa hapo. Ni uchavushaji wa haragwe kwa haragwe, wa mkono na kibano, na maabara inasoma tu kilichorithiwa, kama vile kipimo cha damu kinavyosoma selimundu bila kuibadilisha.

Kinga ambayo adui huijifunza

Kinga hii ina ukomo wake. Miaka ya 1960 wazalishaji wa mbegu Ulaya walifurahia jeni moja kutoka kwenye haragwe la Venezuela lililoitwa Cornell 49-242, iliyozuia chule, ugonjwa wa madoa meusi yaliyobonyea kwenye maganda. Waliiingiza katika aina nyingi. Muongo uliofuata ukuvu wa chule ukatoa vizazi vipya visivyoijali jeni hiyo, na aina zilizoitegemea peke yake zikaanza kuugua.

Vimelea navyo huzaliana na kurithishana. Ukiweka kufuli moja mkoa mzima, atazaliwa mwenye ufunguo wake. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu sasa hupenda kupanga jeni mbili au tatu juu ya ugonjwa mmoja.

Bibi zetu walifika karibu na wazo hilo kwa njia yao. Ile desturi ya kupanda maharage ya rangi mchanganyiko, mekundu na ya njano na yenye madoa katika shamba moja, huupunguzia ugonjwa kasi, kwa kuwa kimelea kinachompata mmoja hukwama kwa wa pili. Soko ndilo limeiua desturi hiyo, likitaka gunia la rangi moja. Kwa maharage ya kula nyumbani haijapitwa na wakati hata kidogo.

Ndoo mbili

Mahindi chotara ukiyavuna na kuyapanda tena, watoto hawafanani na wazazi, na faida uliyoilipia inapotea. Haragwe haliko hivyo. Ua lake hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijafunguka vizuri, hivyo mtoto hurithi karibu kila kitu kutoka kwa mzazi yuleyule. Familia ikinunua mara moja mbegu yenye kinga, ile kinga itaendelea kuwamo katika uzao wake mwaka wa pili, wa tatu na kuendelea. Huu ni unafuu mkubwa kwa nyumba isiyoweza kununua mbegu kila Novemba.

Kinachochakaa ni afya ya punje. Kwa aina isiyo na kinga, kila msimu virusi kidogo huongezeka ndani ya mbegu. Punje chache zenye ugonjwa zinatosha kuanzisha moto, vidukari humalizia. Magonjwa ya ukuvu kama chule nayo husafiri na mbegu, ingawa hapo ukame wa Singida unasaidia: ukuvu hupenda baridi na majani yaliyolowa, na maharage yaliyokomaa penye hewa kavu huwa na chule kidogo kuliko yaliyokomaa kwenye ukungu na mvua. Marekani wamejenga biashara nzima ya mbegu za maharage katika jimbo la Idaho kwa sababu hiyohiyo ya ukavu.

Anayenunua aulize aina kwa jina lake, na atazame lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini. Mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, huwa na bei nafuu kuliko zilizothibitishwa. "Kinzani" lisikubaliwe hivi hivi. Muuzaji aseme kinzani kwa ugonjwa gani, kwa sababu inayozuia chule inaweza kuanguka mbele ya batobato. Vituo vya TARI vya Selian, Arusha, na Uyole, Mbeya, ndiko aina nyingi zilikotoka, na ofisa ugani wa kata anapaswa kuweza kusema ipi imejaribiwa penye mvua kama za hapa.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Mbegu ya dukani yenye rangi isiyo ya kawaida, nyekundu ya kung'aa, waridi au kijani, imepakwa dawa. Haipikwi, hata ikioshwa mara kumi, hata kama Februari imekuwa ngumu na imebaki kilo mbili kwenye mfuko. Iwekwe juu, mbali na watoto na kuku, na mfuko wake usitumike tena kuhifadhia chakula.

Kwa anayepanda yake mwenyewe, kazi kubwa iko shambani kabla ya mavuno, maana ndani ya ndoo punje yenye virusi na isiyo navyo hazitofautiani. Wiki tatu za mwanzo, mche wenye mabaka na majani yaliyojikunja ung'olewe mara moja. Kuuhurumia ni kuwafuga vidukari. Maharage yanapotoa maua, chagua miche iliyonawiri kuliko mingine, iliyosimama katikati ya wenzake na si ile iliyo peke yake penye samadi nyingi, uifunge uzi. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha. Kazi hii watoto huipenda na huifanya vizuri, kwa kuwa macho yao yako karibu na ardhi na wanapenda kubishana upi ni mzuri zaidi.

Miche yenye uzi ivunwe kwanza, maganda yake yakaguliwe yasiwe na madoa yaliyobonyea, yapukuchuliwe peke yake kwenye turubai safi. Yakikauka vizuri yaingie kwenye ndoo ya pili, ndogo, yenye mfuniko uliobana, iliyoandikwa kwa mkaa neno moja: MBEGU. Ile kubwa ibaki ya jikoni, ichotwe bila hofu.